Neno Moja la Kiingereza katika Nyumba ya Eda

Harufu ya unga wa mchele ukikaangwa kwa mawese hunikamata popote nilipo, hata kama nimetoka kula sasa hivi. Juzi nilikuwa ubaoni, nawafundisha Kiingereza watoto wa mwaka wa kwanza wa sekondari, harufu ikaingia kupitia dirisha ambalo kioo chake kilishapotea zamani. Nje ya uzio wa shule kuna mama anayekaanga mikate ya mchele tangu asubuhi. Mkono wangu ukasimama na chaki yake. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Madame iko na njaa," darasa zima likacheka. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimerudishwa Kasongo, mtaa wa nyuma ya soko, chumbani mwa Shangazi Mwamini, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nimekaa mkekani mbele ya pazia nene la mlango wa barazani, na ng'ambo ya pazia hilo sikuwa na ruhusa ya kwenda.

Kwetu ni Kabambare, na ndiko ninakofundisha sasa. Papa alikuwa na shamba la muhogo na karanga, Mama aliuza chumvi na sabuni kwenye kibanda mbele ya nyumba. Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa Papa, alikuwa ameolewa Kasongo na Papa Amuri, mfanyabiashara wa vitenge, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka ule nilioanza sekondari, kikohozi kilimshinda Papa Amuri. Papa akanipandisha nyuma ya pikipiki ya kukodi tukaenda kwenye matanga, siku nzima ya matope na madaraja ya magogo, na mimi nilifurahi kupita inavyompasa mtu anayekwenda matanga. Nilikuwa sijawahi kuiona Kasongo. Nilidhani tutakaa siku chache, nitaliona soko, kisha nitarudi na la kuwasimulia wenzangu darasani.

Msomaji aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu anajua eda ni nini. Kwa asiyejua, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai nguo za kumeremeta, hajipaki manukato wala hina, hatoki ila kwa jambo la lazima. Huyo ndiye kizuka. Hayo ni ya dini. Lakini ukoo wetu una nyongeza yake, ambayo sijaikuta kwa watu wengine. Kizuka wa kwetu hakai peke yake. Huchagua mtoto wa kike wa damu yake aingie naye, awe mikono yake na miguu yake, na mtoto huyo akishavuka kizingiti haendi mbali kuliko ua wa nyumba mpaka eda iishe. Aliyeingia na kizuka hutoka na kizuka. Hata baba mzazi hana uwezo wa kumtoa kabla, kwa sababu inaaminika kwamba mtoto akitoka mapema atauacha mlango wazi, na kifo kitarudi kupitia mlango huohuo. Mwalimu wa madrasa ya mtaa aliwaambia wazi kwamba jambo hilo halimo kitabuni. Mabibi wa ukoo walimsikiliza kwa adabu, wakamwongezea chai, wakaendelea na yao.

Siku ya mwisho ya matanga, mbele ya watu wote, Shangazi alitaja jina langu.

"Minataka Zaina," alisema. "Mutoto wa ndugu yangu. Ataikala na miye."

Nilimtazama Papa. Nilikuwa na hakika atasema, huyu ana masomo. Papa alifungua kinywa, akawaangalia wazee waliokaa kwenye majamvi, akakifunga. Ni nani atamnyima mjane mbele ya waombolezaji? Akaniambia nisiwe mvivu, nimsikilize Shangazi, akaondoka asubuhi yake. Nilisikia pikipiki ikilalamika mpaka kona ya msikiti, kisha sikuisikia tena.

Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku la bati, mikeka miwili na dirisha la ubao lisilofunguka vizuri. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakikuwa na harufu. Nyumba nyingine zote za Kasongo nilizopita zilinukia udi au ubani au mafuta ya nywele; yetu ilinukia chokaa na maji. Basi masikio yangu yakafanya kazi ya pua. Nilizijua kengele za baiskeli za wauza mawese, nikamjua muadhini aliyekuwa na mafua, nikajua kinu cha nani kinatwanga sombe, majani ya muhogo. Kila asubuhi wanafunzi walipita njiani. Ubao wa dirisha ulikuwa na ufa, nami niliweka jicho hapo, nikaona sketi za bluu kuanzia kiunoni kwenda chini, miguu yenye vumbi, na viatu vya mtu mmoja mwenye bahati. Vichwa vyao sikuviona hata siku moja. Walipokwisha kupita nilirudi mkekani nikiwa na hasira na kila mtu mwenye miguu.

Kazi zangu zilikuwa kuteka maji kwenye pipa la uani, kupika, kupokea sahani za majirani, na kusimama kwenye pazia wanaume walipokuja kutoa pole, niwaambie kizuka amesikia na anashukuru. Shule nilikuwa nimeiacha pabaya. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amechelewa kufika Kabambare kwa ajili ya barabara, na alikuwa ametufundisha vitenzi viwili tu, kile cha 'kuwa' na kile cha 'kuwa na kitu'. Nilivipenda kwa wivu, kwa sababu nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa navyo. Nilipiga hesabu ya mtoto nikaona kwamba nikitoka humo wenzangu watakuwa wameshafika mbali, wanaongea Kiingereza chote, na mimi nimebaki naambiwa nilete maji.

Alasiri kila siku alikuja Papa Ramazani. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye duka lililoungana na nyumba yetu, na mke wake na watoto wake waliishi upande wa pili wa ua uleule. Alisimama nje ya pazia, akakohoa kikohozi cha heshima, maana cha ugonjwa kilikuwa cha kaka yake, akauliza, "Shemeki, umeamkaje?" hata kama jua linakaribia kuzama. Halafu alieleza habari za bati linalovuja, bei ya chumvi, na mbuzi wa jirani. Alikuwa mtu wa maneno mengi asiye na neno baya. Mtaa mzima ulijua anangoja nini. Kwa desturi, ndugu wa marehemu hurithi nyumba na mjane aliyemo, ila mjane huulizwa mbele ya watu siku ya kutoka kama anabaki au anaondoka. Shangazi alimjibu kwa sauti ya chini, ndiyo, hapana, aksanti, mpaka viatu vyake viondoke chini ya pazia.

"Siku ya kutoka," alikuwa akiniambia akishaondoka, "miye naenda Nyangwe. Nyumba ya mama iko pale, juu ya Lualaba. Asubuhi unafungua mulango, unaona mitumbwi."

"Na miye?"

"Weye unarudia ku masomo yako."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Alinieleza nyumba ile ya Nyangwe mpaka nikaweza kutembea ndani yake nikiwa nimefumba macho: jiko liko wapi, mpera uko wapi, mahali pa kukausha samaki ni wapi. Hakuwa amekaa huko tangu aolewe. Aliongea juu yake kwa uso wa mtu anayesikia baridi ya maji miguuni, na nilipomwona vile nilimvumilia. Nilijiambia kwamba sote wawili ni wafungwa, kila mmoja ana mahali pake pa kwenda, na mlango ni mmoja.

Mikate ya mchele ililetwa na Bibi Tausi, mjane mzee wa nyumba ya pili, aliyeikaanga kibarazani kwake na kuiuza. Yetu aliileta mwenyewe, ikiwa bado moto, imefungwa kwenye karatasi yoyote aliyoipata: mitihani ya watu, magazeti ya kanisa, kurasa za vitabu vilivyolowa mvua shule moja ilipoezuliwa na upepo. Siku moja nilipofungua mkate wangu nikaona herufi ndogondogo zilizopangwa safu mbili. Ulikuwa ukurasa wa kamusi ya Kiingereza na Kifaransa. Mawese yalikuwa yameulainisha mpaka maandishi ya upande mmoja yakaonekana upande wa pili. Nyuma kulikuwa na maneno ya birika na figo. Mbele, neno moja lilikuwa limejaza karibu ukurasa wote, na neno lenyewe lilikuwa keep.

Nilisahau kula. Kifaransa nilikijua cha shule, kwa hiyo niliweza kusoma maana zake zilizojipanga chini, garder, tenir, conserver, na nyingine nyingi kiasi kwamba nilidhani mchapaji amekosea akaweka maneno ya watu wengine. Shangazi hakujua Kiingereza wala Kifaransa, lakini alipata Kiswahili chake sokoni na kwenye matanga na harusi za mji mzima, na hakuna pembe ya Kiswahili hicho iliyomshinda.

"Iko inasema nini?" aliuliza.

Nikamwambia, inasema kuweka. Una kitu, hukitupi, unakiweka.

"Kama nguo za Amuri mu sanduku."

Ndiyo. Na hapa chini ni kufuga kuku. Neno ni lilelile.

"Lilelile?"

Lilelile. Na hapa ni kushika ahadi. Hapa ni kuficha siri ya mtu. Hapa ni kumtunza mgonjwa, au nyumba. Hapa ni kumchelewesha mtu njiani. Hapa ni chakula kukaa bila kuharibika. Na hapa ni kuendelea na jambo bila kuacha.

Shangazi alitikisa kichwa kwa huruma. "Wale watu iko wachoyo wa maneno. Neno moja, kazi zote hizi! Siye kila kazi iko na neno yake."

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na mchezo. Nilichukua maana moja kutoka ukurasani, naye akanipa Kiswahili chake, kisha tukabishana. Nilimwambia kutunza na kuchunga ni kitu kimoja. Alikasirika kabisa.

"Hapana! Kuchunga ni kwa kitu iko na miguu, inaweza kimbia. Kutunza ni kwa kitu inaweza haribika. Mbuzi unachunga. Mugonjwa unatunza."

"Na kuweka?"

"Kitu haina kazi leo, lakini kesho utaitafuta."

"Na kulinda?"

"Kuko mutu ingine anaitaka."

"Na kuzuia?"

"Kuzuia ni kwa kitu inataka kwenda."

Nilimtazama, mkate ukiwa mdomoni. "Na miye? Miye uko unanifanya gani katika hizo zote?"

Alikunja kanga yake nyeupe magotini. Halafu akaniambia nilete maji. Niliteka maji nikiwa na jibu langu mwenyewe, maana nilitaka kwenda, na sikuwa nikienda.

Ukurasa wote niliuhifadhi kwa kichwa, kwa namna pekee ya kuhifadhi niliyoijua, ile ya madrasa. Nilikaa miguu imekunjwa, nikiyumba mbele na nyuma, nikiimba keep, kept, kept, na maana zake kwa mpangilio wake, kwa mahadhi yaleyale ya asubuhi za Jumamosi. Bibi Tausi alinikuta hivyo akiwa na sahani yake. Alisimama kwenye pazia, akatega sikio, macho yakamjaa machozi. "Mashallah," alisema, "mutoto anasoma uzuri. Marehemu anasikia." Shangazi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na Bibi Tausi akambembeleza akidhani analia. Kizuka haruhusiwi kucheka kwa sauti. Nadhani siku ile alikaribia kuvunja eda kwa kicheko.

Nasema hayo ili msidhani kila siku ilikuwa ya machozi. Lakini mchezo ulikuwa wa saa moja, na siku ilikuwa ndefu. Nilianza kuota barabara. Nilianza kuhesabu mafundo ya mkeka. Bibi Tausi nilimwomba anifungie mikate kwa ukurasa unaofuata, naye akaahidi kwa moyo wote, kesho yake akaniletea mkate uliofungwa kwenye hesabu za mtoto wa mtu, zote zimekosewa. Wakati mwingine nilisimama karibu na pazia nikaligusa kwa kidole kimoja, kitambaa kikaenda mbele kidogo na kurudi. Kingenizuia nini? Kitambaa. Na nyuma ya kitambaa kulikuwa na mabibi wote wa ukoo, na kifo kinachongoja mlango wazi. Nilirudi kukaa.

Shangazi angeweza kunitoa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mwalimu wa madrasa alipokuja tena kutoa pole alisema kupitia pazia kwamba kizuka mwenyewe akimruhusu mtoto, hakuna dhambi, mtoto arudi shuleni, na yeye atasimama kuwajibu wazee.  Shangazi akamshukuru sana, akamwombea heri na watoto wake, na kuhusu mimi hakusema kitu.

Halafu Papa akaja. Ilikuwa siku ya mvua, na sikuisikia pikipiki kwa kelele ya bati. Nilisikia sauti yake tu, pale nje ya pazia, pamoja na ya Papa Ramazani aliyekuwa akimkaribisha kwa maneno yake mengi. 

"Dada," Papa alisema, "nimekuya kutwaa Zaina."

"Amefanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Kuko mambo yake ku Kabambare."

"Mambo gani?"

"Mambo yake."

Nilijua ni mambo gani. Ni shule! Mkuu wa shule ameniita, mitihani imekaribia, Papa amekumbuka. Nilipiga kelele, "Papa, niko hapa! Papa, nakuya!" nikaruka kuelekea kwenye pazia. Shangazi alinidaka kifundo cha mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekula kidogo, na sikujua alikuwa na mkono ule. Nilivuta, nikalia, nikamwita Papa, kucha zangu zikamchubua, naye hakuachia.

"Mutoto aliingia na miye," alisema, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Atatoka na miye. Unataka kifo irudi mu nyumba yangu?"

Kutoka barazani mabibi walikuwa wameshasikia, wakaanza, haiwezekani, haijapata kuonekana, baba gani huyu.  Pazia halikufika chini, na niliviona viatu vyake, vimejaa tope la njia nzima kutoka Kabambare. Vilisimama. Kisha vikageuka. Aliniachia kifuko cha karanga kwenye kizingiti, zikiwa zimelowa.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Shangazi hakunigombeza, hakunibembeleza pia. Alinipa samaki wote wa mchana ule, yeye akala ugali kwa chumvi, na michubuko yake ikiwa wazi juu ya mkono. Mchezo wetu uliishia hapo. Ukurasa niliukunja nikausukuma chini ya mkeka, na aliponiuliza siku nyingine neno letu linaendeleaje, nilimwambia nimelisahau. Tulikaa wiki zilizobaki kama watu wawili wanaosubiri mashua wasiyopanda pamoja.

Siku ya kutoka, wanawake walimwogesha Shangazi alfajiri, wakampaka hina, wakamvika kitenge cha manjano kipya kabisa. Chumba kilipata harufu kwa mara ya kwanza, udi wa miezi yote kwa mkupuo mmoja, nikapiga chafya. Alivuka kizingiti, na mimi nyuma yake. Jua lilinipiga usoni. Nilitaka kukimbia mpaka kona ya msikiti nione tu kuna nini baada ya kona. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Nilimwangalia Shangazi nikafikiri, haya, Nyangwe kwako, Kabambare kwangu, tumemaliza.

Wazee walikuwa wamekaa. Mmoja wao, mjomba wa marehemu, akauliza swali lenyewe, "Mwamini, unabakia ao unaenda?" Papa Ramazani alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akiangalia vidole vyake vya miguu.

 Shangazi akasema, "Minabakia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mabibi walishaanza vigelegele, naye akanyoosha mkono, nao wakakoma.

"Minabakia, lakini mutoto anabakia na miye. Atasoma hapa Kasongo, mupaka amalize. Mutu asimutoe mu nyumba hii, hata baba yake. Ile ndiyo neno yangu. Kama Shemeki anakatala, aseme sasa."

Papa Ramazani alikohoa. "Atasoma," alisema. "Nani anakatala masomo?"

Vigelegele vikapanda. Sikulia, machozi yangu yalikuwa yameshakwisha siku ya viatu. Niliona jambo moja tu, kwamba amenaswa, na hakutaka kunaswa peke yake. Aliniangalia mara moja akageuza uso. Nguo zangu nilizifungua tena mchana uleule.

Nilianza sekondari upya mwaka uliofuata, pamoja na watoto wadogo kuliko mimi. Mwaka ule uliopotea bado unaniuma, wala siombi msamaha kwa kusema hivyo. Mtu akiuliza kwa nini nilichelewa kumaliza, nakasirika kwanza. Papa Ramazani alishika ahadi yake. Kila muhula alisimama mlangoni akiniuliza, "Kingereza iko inaendelea?" na nilipomjibu kwa Kiingereza aliondoka ameridhika kama aliyeuza gunia. Shangazi aliishi nyuma ya duka, mke wa pili katika ua ambamo zamani alikuwa mke wa pekee wa Papa Amuri, akimwamkia mke mkubwa kila asubuhi. Nyangwe alikwenda mara moja tu, kwenye maziko, nami nikamsindikiza. Nyumba ya mama yake ilikuwa imeshachukuliwa na binamu, na jiko limeanguka. Alisimama ukingoni akaitazama mitumbwi, akauliza bei ya samaki, akasema twende, Ramazani anangoja chakula. Njia nzima mimi, kwa ukaidi wa ujana, nilifikiri, ulichagua mwenyewe.

Mama ndiye aliyeniambia. Nilikuwa nimeshapata diploma yangu, nimerudi Kabambare kufundisha, tumekaa tunamenya karanga, akasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana. Mwaka ule kulikuwa na mtu wa machimbo ya dhahabu, mzee kuliko Papa, aliyekuwa akipita kibandani kununua sabuni. Aliniona. Alizungumza na Papa, na Papa akatoa neno lake. Ilibaki kupanga siku ya ndoa tu. Mama hakuwa na uwezo wa kulivunja neno la mume, basi habari za msiba zilipofika alipanda kilima chenye mtandao akampigia simu wifi yake. Maiti ya Papa Amuri ilikuwa bado haijatoka nyumbani. Mama alilia kwenye simu, si kwa ajili ya marehemu, na Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nimesikia," akarudi kwenye maiti yake.

Papa alipokuja siku ya mvua, mwenye machimbo alikuwa amechoka kungoja. Na siku ya kutoka, wote wawili, Shangazi na Mama, walijua kwamba mjane anayekaa peke yake Nyangwe hana mlango wa kumzuia baba asichukue bintiye. Ramazani alikuwa na mlango huo. Jioni ile Shangazi alimpigia Mama simu akamwambia maneno matatu, "Wifi, lala sasa." Mtu wa machimbo alioa msichana mwingine wa mtaa wetu. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja.

Papa bado yuko hai. Ndiye aliyeninunulia kalamu yangu ya kwanza, na bado nampenda, na sijui niupeleke wapi upendo huo.

Likizo ilipofika nilikwenda Kasongo. Shangazi alikuwa uani, akichagua mawe kwenye mchele, ungo magotini, macho yake hayaoni vizuri tena, anatumia vidole. Nilikaa chini karibu naye. Nilikuwa na mengi ya kusema, na kilichotoka ni lawama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Angalau siku ya pazia. Angalau baadaye. Aliniacha nimchukie miaka yote ile, na angeweza kuniambia kwa sentensi moja.

Hakusimamisha vidole vyake.

"Ningekuambia," alisema, "ungeenda kumuuliza papa yako kama iko kweli."

Nilifungua kinywa nibishe. Nikajiona pale chumbani, nikipiga kelele, Papa, niko hapa. Ningekwenda. Ningemuuliza huku nimemshika mkono, naye angeniambia si kweli, na ningemwamini njia nzima mpaka Kabambare.